Sura ya Saba: Mshono Uliosingiziwa

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, huko Ithaca, New York, walichapisha picha ambayo tangu niione haijanitoka akilini. Ni picha ya utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, nao umejaa rangi: nyekundu, buluu, kijani, manjano, zambarau. Vipande vyenye kingo zisizo na mpango vimebanana kama kitambaa cha viraka. Rangi zilitiwa kwa kompyuta, na kila moja ina maana yake: inaonyesha mistari ya atomi imeelekea upande gani. Ukivuka kutoka kipande cha buluu kwenda cha kijani mistari inageuka, na pale inapogeukia pana mshono.

Pinshane Huang na wenzake, katika maabara za Paul McEuen na David Muller, waliukuza mshono huo kwa hadubini ya elektroni mpaka atomi zikaonekana moja moja. Grafini imejengwa kwa pembesita, kama sega la nyuki. Kwenye mshono, pembesita hazipati nafasi ya kukaa sawasawa, kwa hiyo mahali pake panajaa pembetano na pembesaba zinazopokezana katika mstari uliopindapinda. Kisha wakafanya jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kununua nguo ya mtumba angelifanya: wakaujaribu mshono kama unashika. Walitumia hadubini yenye ncha kali, wakaubonyeza utando uliotandazwa juu ya tundu. Ulichanika kwenye mshono kwa nguvu ya nanonyutoni 100 hivi, yaani uzito wa punje ndogo ya mchanga. Grafini isiyo na mshono, kwa kipimo cha namna hiyo, huhimili takriban nanonyutoni 1,700.

Kwa umeme matokeo yalikuwa mengine. Mishono haikuonekana kuuvuruga mkondo kwa kiasi cha kutisha. Basi ikawa kama hukumu imeshapita: grafini inayooteshwa kwa tanuri inapitisha umeme vizuri, ila ni dhaifu, na chanzo cha udhaifu ni mishono yake. Ilichukua miaka miwili hukumu hiyo kutenguliwa, na namna ilivyotenguliwa inafundisha mengi kuhusu kitu hiki kuliko tarakimu zote za sifa zinazotangazwa katika magazeti.

Tarakimu zenyewe zina asili yake. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walichukua kipande cha kinywe, yale madini meusi yanayotiwa kwenye penseli, wakakibandika selotepu na kubandua, wakakunja selotepu na kubandua tena, hadi tabaka zikapungua na kubaki moja. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Columbia, Changgu Lee, Xiaoding Wei, Jeffrey Kysar na James Hone walitandaza tabaka kama hizo juu ya vitundu vyenye upana wa mikromita moja hadi moja na nusu, wakazibonyeza kwa ncha ya almasi mpaka zikapasuka. Wakapata uimara wa gigapaskali 130. Nondo ya kujengea nyumba hukatika kwenye nusu gigapaskali hivi. Hapo ndipo ulipozaliwa usemi kwamba grafini ni imara mara 200 kuliko chuma.

Kamati ya Nobel ilipotaka kuwaeleza watu maana ya uimara huo ilitoa mfano wa machela. Machela ya grafini yenye ukubwa wa mita moja ya mraba ingeweza kumbeba paka wa kilo nne, na yenyewe ingekuwa na uzito usiofikia miligramu moja, sawa na sharubu moja ya paka huyo. Ni mfano mzuri. Lakini angalia kilichopimwa na kilichosimuliwa: kilichopimwa ni duara lenye ukubwa kama wa bakteria, lililobanduliwa kutoka kwenye fuwele ambayo dunia yenyewe iliipika chini ya miamba kwa mamilioni ya miaka. Kilichosimuliwa ni mita ya mraba. Hakuna selotepu inayoweza kubandua mita ya mraba. Ukiitaka mita ya mraba huna budi kuiotesha, na ukiiotesha unapata kitu chenye historia tofauti.

Shaba ndiyo shamba lake. Mwaka 2009 kundi la Rodney Ruoff katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, lilionyesha kwamba ukichukua bati jembamba la shaba, jembamba kama karatasi ya kufungia chakula, ukaliingiza katika bomba la kwatzi ndani ya tanuri lenye joto la nyuzi 1,000 za Selsiasi, ukapitisha haidrojeni kidogo na gesi ya methani, grafini inaota yenyewe juu ya bati. Methani ni kaboni iliyozungukwa na haidrojeni nne. Kwenye shaba ya moto haidrojeni zinamwagika, kaboni inabaki inatangatanga juu ya uso wa chuma. Kaboni chache zikikutana zinashikana na kuwa mbegu. Mbegu inapanuka kuwa kisiwa, visiwa vinapanuka mpaka vinagusana, na shaba yote inapofunikwa kazi inakoma, kwa sababu methani haina tena shaba ya kuigusa. Ndiyo maana juu ya shaba hupatikana tabaka moja tu, au karibu yote ikawa moja. Nikeli haina tabia hiyo. Nikeli hunywa kaboni kama chai ya moto inavyonywa sukari, na inapopoa inaitapika: hapa tabaka moja, pale tatu, kule kumi. Watu walioanza na nikeli walipata grafini, lakini yenye vipele.

Joto la tanuri hilo liko karibu sana na la kuyeyuka kwa shaba, ambalo ni nyuzi 1,085. Nalitaja kwa sababu mengi yatakayofuata katika sura hii yanatokana na chuma kilichokaribia kuwa uji, na namna kinavyopoa.

Sasa fikiria mbegu hizo. Kila moja inaota mahali pake bila kujua mwenzake amekaaje. Hii imeelekea kaskazini, ile imepinda nyuzi kumi, nyingine thelathini. Zinapokutana, mistari ya atomi haisomani. Bibi yangu alikuwa mshonaji wa mikeka. Alisuka ukindu kuwa ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole vichache, kisha akaushona ukili kwa ukili mpaka mkeka ukatimia. Ufundi wake haukuwa katika kusuka tu. Majirani zake walijua kusuka. Walimjia kwa ajili ya mshono. Grafini ya shaba ni mkeka wa namna hiyo, isipokuwa hauna uzi. Atomi za ukingo mmoja zinapaswa kuzishika atomi za ukingo wa pili kwa mikono yao wenyewe, na kama pembe hazilingani zinashikana hivyohivyo, kwa pembetano na pembesaba.

Umbo hilo lina matokeo mawili yasiyofanana, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Utando ukivutwa, hauangalii wastani wa ubora wake. Unachanika pale palipo dhaifu kuliko pote, na ufa ukishaanza unakimbia. Doa moja baya katika sentimita ya mraba linatosha kuishusha sentimita yote. Mkondo wa umeme una nafasi ya kuchagua. Elektroni zinafanana na watu wanaotoka uwanjani baada ya mechi: lango moja likiwa na kikwazo wanapita lango la pili, msongamano unaongezeka kidogo, lakini wanafika nyumbani. Kwa sababu hiyo kasoro ileile inaweza kuua uimara na kuuchubua tu umeme. Lakini ukitengeneza njia nyembamba sana, kama zile za ndani ya transista, mshono mmoja unaweza kuikata njia yote upande hadi upande, na hakuna pa kuzungukia. Mwaka huohuo wa 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue na wenzao walipima umeme ukivuka mshono mmoja mmoja, wakakuta mshono unauzuia waziwazi.

Kulikuwa na jambo jingine lililosumbua. Mwaka mmoja kabla ya picha ya Cornell, Rassin Grantab na Vivek Shenoy wa Chuo Kikuu cha Brown, pamoja na Ruoff, walikuwa wamepiga hesabu za kompyuta juu ya mishono ya grafini. Matokeo yao yalikuwa ya ajabu: mshono wa pembe kubwa, ambao umejaa pembetano na pembesaba nyingi, ulikuwa imara kuliko mshono wa pembe ndogo wenye chache. Mtu angetarajia kinyume. Maelezo yake ni kwamba pembetano inakaza na pembesaba inalegeza. Zikiwa nyingi na karibu karibu, mkazo wa hii unafutwa na ulegevu wa ile, na viungo vya atomi vinapumua. Zikiwa chache na mbalimbali, kila moja inabeba mzigo wake peke yake. Kwa hesabu hizo, mshono uliokaa vizuri ungepaswa kukaribia uimara wa utando mzima. Hesabu ikasema mshono ni imara. Sindano ikasema ni dhaifu. Mmoja kati yao alikuwa hajaona kitu.

Kilichokuwa hakijaonekana ni safari. Grafini ikishaota juu ya shaba haiwezi kupimwa hapohapo, lazima ihamishwe. Njia iliyozoeleka ni kuipaka plastiki juu, kuliyeyusha bati la shaba kwa kemikali, kuikinga grafini ikielea majini ikiwa imeshikiliwa na plastiki, kuitandaza panapotakiwa, kisha kuiondoa plastiki. Kemikali ya kuyeyushia shaba ilikuwa mara nyingi kloridi ya chuma, ileile ambayo mafundi wa redio huitumia kula shaba kwenye bodi za saketi. Na plastiki iliondolewa kwa kuiunguza katika tanuri lenye hewa.

Pale Columbia, ilipopimwa grafini ya kwanza ya selotepu, Hone na Kysar walirudia kazi mwaka 2013 wakiwa na Gwan-Hyoung Lee, Ryan Cooper na wengine. Katika majina ya waandishi yumo pia Arend van der Zande, ambaye alikuwa miongoni mwa waliotoa picha ya viraka kule Cornell. Wakaacha kloridi ya chuma, wakatumia pasulfeti ya amonia, ambayo ni mpole zaidi. Wakaacha kuoka hewani. Wakaibandika grafini kwa muhuri wa mpira badala ya plastiki ya kuunguzwa. Wakabonyeza tena. Ukakamavu wa grafini iliyooteshwa ukawa sawa kabisa na wa ile ya selotepu. Utando wenye vipande vikubwa ulifikia karibu gigapaskali 118. Ule wa vipande vidogo, uliojaa mishono, ulifikia karibu 100. Wakaweka ncha ya almasi juu ya mshono wenyewe na kubonyeza, na mshono ukashika karibu sawa na utando.

Kumbe kloridi ya chuma na moto wa hewani vilikuwa vinatafuna mishono. Atomi za kwenye pembetano na pembesaba zimekazwa na kulegezwa kupita kawaida, kwa hiyo ndizo za kwanza kushambuliwa na oksijeni. Utando wenyewe ulipita salama katika bakuli lile la dawa. Mshono ulitoka na matundu. Walioupima walipima kidonda, wakadhani wamepima maumbile. Nayo makunyanzi ya safarini yaliufanya utando uonekane laini kuliko ulivyo, kwa sababu kitambaa kilichokunjamana kinaponyooshwa, mwanzo kinajikunjua tu kabla ya nyuzi kuanza kuvutika.

Upande wa umeme nao ukapata ufafanuzi wake. Mwaka 2012, Adam Tsen na wenzake wa Cornell waliupiga mshono picha kwanza ndipo wakaupima umeme, mshono uleule waliouona. Waligundua kwamba swali la "mshono upo au haupo" halitoshi. Mishono iliyoshikana vizuri ilipitisha umeme mara kumi zaidi ya ile iliyoshikana ovyo. Na lililonigusa mimi ni hili: haikuwa lazima vipande vikubwa vishinde. Ukiotesha taratibu kwa gesi chache, mbegu zinakuwa chache na vipande vikubwa, lakini kingo zinaweza kufika na kutogusana kikamilifu. Ukiongeza gesi, vipande vinapungua ukubwa ila mishono inajaa. Grafini yenye viraka vidogo vilivyoshonwa vizuri ikakaribia ile ya selotepu.

Wanaopima umeme hupenda kutumia kipimo cha wepesi wa elektroni: ukizisukuma kwa volti fulani, zinakimbia kasi gani. Kwa silikoni, wepesi huo ni takriban sentimita mraba 1,400 kwa volti kwa sekunde. Grafini ya selotepu iliyolazwa juu ya oksidi ya silikoni hufika 10,000 hivi. Ukiiondoa hapo na kuitundika hewani, kama kundi la Philip Kim la Columbia lilivyofanya mwaka 2008 katika baridi kali, inapita 200,000. Yaani grafini ileile, mtu yuleyule ameibandua, na kilichobadilika ni kitanda ilicholalia. Oksidi ya silikoni ina mabonde na chaji zilizonasa, na elektroni zinajikwaa juu yake. Mwaka 2015 watafiti wa Aachen, Ujerumani, waliichukua grafini iliyoota juu ya shaba, wakaiinua kikavu kabisa kwa kutumia kipande cha nitridi ya boroni, fuwele laini isiyo na chaji za kunasa, pasipo kuigusisha maji wala plastiki. Walichagua fuwele moja moja, zisizo na mshono. Wepesi ulifika 350,000 katika baridi kali. Kwa miaka mingi watu walikuwa wameiita grafini ya tanuri mtoto duni wa grafini ya selotepu. Udugu ulikuwa sawasawa. Tatizo lilikuwa bafuni, ilikokuwa ikioshwa.

Kuna grafini nyingine ambazo hazitoki kwenye tanuri la shaba, na itabidi nizipitie kwa ufupi kwa kuwa ndizo zinazouzwa kwa kilo. Hapa kinywe kinarudi. Wakazi wa Mahenge na Ruangwa, Tanzania, wanakijua kinywe chini ya miguu yao, na kule Balama, Msumbiji, kiko kingi. Mwaka 1958 William Hummers na Richard Offeman walieleza njia ya kukiloweka kinywe katika asidi ya sulfuriki na pamanganati ya potasiamu. Oksijeni inajipenyeza kati ya tabaka, kinywe kinavimba, na ukikitia majini tabaka zinaachana. Kinachopatikana ni oksidi ya grafini, ambayo haipitishi umeme. Oksijeni ikiondolewa baadaye umeme unarudi kwa kiasi, lakini kila mahali oksijeni iliposhika pamebaki kovu, na pengine tundu kabisa. Ukakamavu uliopimwa Stuttgart mwaka 2008 ulikuwa robo tu ya ule wa grafini kamili, na elektroni zinasafiri kwa kurukaruka kutoka kisiwa kizima hadi kisiwa kizima. Kwa wino, kwa chujio, kwa rangi ya kuzuia kutu, grafini hiyo inafaa sana. Kwa transista haifai.

Jonathan Coleman wa Trinity College, Dublin, na kundi lake walichukua njia ya upole zaidi. Mwaka 2014 walionyesha kwamba unga wa kinywe ukisagwa majini pamoja na sabuni, hata kwa blenda ya jikoni yenye sabuni ya kuoshea vyombo, tabaka zinateleza na kuachana bila asidi. Kila kipande kinabaki safi, hakina makovu, lakini ni kidogo mno, na umeme unapovuka kutoka kipande hadi kipande unapoteza nguvu nyingi njiani. James Tour wa Chuo Kikuu cha Rice alikuja mwaka 2020 na njia ya radi: mkondo mkubwa wa umeme unapitishwa kwenye makaa, matairi au masimbi ya kahawa, joto linapanda hadi kelvini 3,000 katika muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, na takataka zinageuka vipande vya grafini ambavyo tabaka zake hazijalaliana kwa mpangilio. Kwa saruji, hicho ndicho kinachotakiwa.

Kwa anayefikiria kununua, kuna uchunguzi mmoja wa kukumbuka. Mwaka 2018 kundi la Antonio Castro Neto, Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, lilichapisha matokeo ya kuchunguza unga wa "grafini" kutoka kampuni 60 za mabara mbalimbali. Kwa kampuni nyingi, grafini halisi haikufika asilimia 10 ya kilichokuwa ndani ya chupa. Kilichobaki kilikuwa kinywe kilichosagwa vizuri. Mtu aliyekinunua kwa kutegemea gigapaskali 130 alikuwa amenunua vumbi la penseli kwa bei ya almasi, na nina hakika wengi wao hawajui mpaka leo. Nalisema hili nikiwafikiria vijana wa vyuo vyetu wanaoagiza chupa hizo kwa fedha za utafiti walizozipata kwa shida. Mwangaza wa leza ya kipimo cha Raman ungewaambia ukweli kwa dakika chache: grafini ya tabaka moja ina alama yake, kinywe kina yake, na makovu yana yake.

Kuna pia njia isiyo na haja ya kuhamisha chochote. Walt de Heer wa Georgia Tech alianza kuipigania tangu miaka ya mwanzo: unachukua fuwele ya kabidi ya silikoni, unaipasha moto kupita nyuzi 1,500, silikoni inapaa kama mvuke, kaboni iliyobaki inajipanga kuwa grafini papo hapo, na uelekeo wake unafuata wa fuwele iliyo chini. Hakuna viraka vya kila upande. Ni ghali, na ngazi ndogondogo za uso wa kabidi zinausumbua mkondo, lakini grafini hiyo ni tulivu kiasi kwamba taasisi za vipimo huitumia kuweka kiwango cha omu. Mwaka 2024 de Heer na wenzake wa Tianjin walitangaza tabaka la aina hiyo lenye pengo la nishati la elektronivolti 0.6, jambo ambalo grafini ya kawaida haina, na ambalo bila yake transista haiwezi kuzimwa.

Turudi kwenye shaba, maana huko kazi haijaisha. Baada ya kujua mshono ni imara ukishonwa vizuri, swali lililobaki ni kama unaweza kuepukwa kabisa. Mwaka 2011 kundi la Ruoff lilikunja bati la shaba kama bahasha, likabana kingo, likaotesha grafini upande wa ndani ambako gesi inapenya kidogo kidogo. Fuwele moja moja zikafika nusu milimita. Mwaka 2013 Yufeng Hao na wenzake wakaona kwamba oksijeni kidogo juu ya shaba, ile oksijeni inayoogopwa kwa kuwa huila kaboni, inaziba sehemu ambazo mbegu hupenda kuota. Mbegu zikapungua sana, fuwele zikafika sentimita. Kisha likaja wazo la kuziacha mbegu nyingi ziote, ila zote zielekee upande mmoja. Uso wa shaba ukiwa fuwele moja, wenye atomi zilizopangwa kwa pembetatu, unaziamuru. Mbegu elfu zikielekea upande mmoja, zinapokutana mistari inasomana, na hakuna mshono unaobaki. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Peking kilionyesha kipande cha sentimita 5 kwa 50 kilichooteshwa kwa dakika 20, fuwele moja toka mwanzo hadi mwisho.

Hata hapo utando haukuwa laini. Shaba ikipoa inasinyaa. Grafini haisinyai pamoja nayo. Inabaki kubwa kuliko kitanda chake, kwa hiyo inajikunja. Mikunjo hiyo ni mistari mirefu ambamo atomi zimelaliana tabaka tatu, na kifaa cha umeme kilichotengenezwa juu yake hakifanani na kilichotengenezwa pembeni. Mwaka 2021 Meihui Wang na wenzake, pamoja na Ruoff ambaye sasa alikuwa Ulsan, Korea Kusini, walifuatilia mikunjo inazaliwa kwenye joto gani. Waligundua mpaka: kelvini 1,030, sawa na nyuzi 757. Ikioteshwa juu ya hapo, grafini hujikunja wakati wa kupoa. Wakabadilisha bati, wakachanganya shaba na nikeli kidogo, wakabadilisha gesi, wakatumia etheni badala ya methani ili iweze kuachana na haidrojeni kwa joto la chini, wakaotesha kati ya kelvini 1,000 na 1,030. Utando ukatoka bila mkunjo. Transista walizozitengeneza popote juu yake zilikuwa na wepesi wa karibu 7,000, zikiwa na tofauti ndogo kati ya moja na nyingine.

Elfu saba ni kidogo ukilinganisha na laki mbili za Columbia. Lakini laki mbili ile ilikuwa kipande kimoja kilichotundikwa, kilichochaguliwa kati ya vingi. Elfu saba ya Ulsan ilikuwa kila mahali, juu ya mabati matano ya sentimita 4 kwa 7 yaliyooteshwa pamoja katika tanuri moja. Fundi anayetaka kutengeneza kitu kifanyacho kazi kila siku atachagua la pili, na mimi nakubaliana naye.

Na kuutoa utando, hawakuyeyusha bati. Walilitia majini, wakapitisha umeme, haidrojeni ikatoa mapovu kati ya chuma na kaboni, na mapovu hayo, moja baada ya jingine, yakauinua utando mzima juu ya bati. Bati likarudishwa tanurini kuoteshwa tena.